Barua ya wazi kuhusu kompyuta za shule zetu mkoani Kigoma

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Mkoa wa Kigoma, Maofisa Elimu Sekondari, na wakuu wa vitengo vya TEHAMA.

YAH: OMBI LA KUSITISHA UFUTAJI WA KOMPYUTA ZINAZOFANYA KAZI NA KUZIHAMISHIA KWENYE MFUMO ENDESHI MWINGINE KWA UTARATIBU

Ndugu viongozi,

Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule ya sekondari ya serikali mkoani hapa, na kwa miaka tisa sasa, mbali na kufundisha, nimekuwa nikiitwa na shule jirani kila printa inapogoma na kila kompyuta inapokataa kuwaka. Ninaandika kwa sababu katika stoo ya shule mojawapo nilikoitwa mwezi Januari nilikuta kompyuta za mezani kumi na nne zimepangwa ukutani, kila moja ikiwa imeandikwa kwa chaki neno "chakavu", zikisubiri kikao cha kufuta mali. Niliomba meza na waya wa umeme, nikaziwasha moja baada ya nyingine, na kumi na moja kati yake ziliwaka. Nilipouliza zilifikaje pale, nikaambiwa kwamba fundi aliyeletwa kuziwekea Windows 11 alipata ujumbe kuwa kompyuta hazikidhi masharti, akaandika ripoti ya mistari mitatu, na ripoti hiyo ikasomwa kana kwamba imesema zimekufa.

Naomba nieleze ujumbe ule ulikuwa na maana gani, kwa kuwa uamuzi mkubwa wa mali ya umma unajengwa juu yake. Windows 10, ambayo ndiyo mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) ulio katika kompyuta nyingi za shule zetu, ilitoka mwaka 2015, na Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mrithi wake, Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kompyuta iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0, iweze kuwaka kwa utaratibu wa Secure Boot unaozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka, iwe na RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na prosesa yake iwe katika orodha iliyokubaliwa, ambayo kwa upande wa Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha nane, yaani mashine za kuanzia mwishoni mwa 2017. Kompyuta zetu nyingi zilifika Kigoma zikiwa zimeshatumika kwingine, na zina prosesa za kizazi cha tatu na cha nne, za mwaka 2012 hadi 2014. Kompyuta yenye Core i5 ya mwaka 2013 na RAM ya GB 4 bado inaandika barua, inafungua jedwali la matokeo, inaonyesha video ya somo la baiolojia na kuingia kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, bila shida. Iliyokataa ni orodha ya masharti ya mfumo mmoja.

Sisemi kwamba tuendelee na Windows 10 kama vile tarehe ile haikupita. Mfumo usiopata masasisho ni mlango usio na kitasa, na mfano tunao. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilisambaa duniani kwa siku chache na kuvuruga hospitali za umma nchini Uingereza, ikipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba tangu Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao masasisho hayakuwa yamewafikia. Kompyuta ya ofisi ya shule ina majina ya wanafunzi, tarehe zao za kuzaliwa, namba za simu za wazazi na alama zao, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotutaka tuzilinde taarifa hizo.

Njia mbili za mkato zinatumika sasa, na zote nimeziona kwa macho. Ya kwanza ni ile ya mafundi wetu wa mtaani pale Mwanga, mjini Kigoma, ambao kwa bei nafuu "wanakupigia" Windows 11 kwa flashi iliyotengenezwa ili kuruka ukaguzi wa TPM. Inawaka, na kwa wiki chache inaonekana imepona, lakini Microsoft yenyewe imesema wazi kwamba kompyuta ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, kwa hiyo tunarudi kwenye mlango uleule usio na kitasa, tena tukiwa tumeongeza uzito juu ya mashine yenye RAM kidogo. Ya pili ni halali na ni nzuri kwa anayeiweza: Microsoft inaziuzia taasisi za elimu masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa dola 1 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili na dola 4 mwaka wa tatu, hadi Oktoba 2028. Shule yenye leseni halali ningeishauri ilipe leo. Tatizo letu ni kwamba kompyuta nyingi nilizozifungua zina Windows iliyovunjwa leseni, na mashine ya namna hiyo haina pa kuanzia kuomba nyongeza.

Ninachopendekeza ni kuhamishia kompyuta hizi kwenye Linux, mfumo endeshi ambao ni huru, hauna ada ya leseni, na ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Ufini. Kwa shule zetu ningechagua Linux Mint yenye sura ya Xfce, kwa sababu menyu yake iko pale chini kushoto ambapo mwalimu aliyezoea Windows anaitafuta, inatosheka na RAM ndogo, na toleo lake la 22, lililojengwa juu ya Ubuntu 24.04, aina nyingine ya Linux, litaendelea kupata masasisho hadi 2029. Kwa zile mashine chache za biti 32, chaguo langu ni Debian 12, nayo ni aina ya Linux, kwa kuwa Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Hizo zitatufaa kwa muda tu, na sitaki mtu aahidiwe zaidi ya hapo.

Hata hivyo, ndugu viongozi, nimeandika barua hii zaidi kwa ajili ya kile kinachotokea baada ya uamuzi kuliko uamuzi wenyewe. Kubadili mfumo endeshi kunachukua dakika arobaini. Kuvifanya vifaa vyote vilivyozunguka kompyuta vikubaliane na mfumo mpya, na kumpata mtu wa kuitika siku vinapokataa, ndiyo kazi yenyewe, na mipango mingi ninayoisikia hailigusi jambo hilo.

Niwasimulie siku ya kwanza ya majaribio katika stoo ile. Nilikuwa na flashi ya GB 16 yenye Linux Mint ambayo inawasha kompyuta bila kugusa chochote ndani ya diski, ili kwanza tuone kabla ya kufuta. Kompyuta ya tatu iliwaka vizuri, sauti ikatoka, monita ikakaa sawa, lakini kila tovuti niliyoifungua ilikataa ikidai cheti chake si salama. Nilihangaika na intaneti kwa nusu saa, nikabadilisha waya, nikabadilisha bando la simu, kisha jicho likaangukia saa kwenye kona ya skrini: ilikuwa inasema ni tarehe 1 Januari 2012. Betri ndogo ya madabodi, ile ya duara aina ya CR2032 inayofanana na kifungo cha koti, ilikuwa imekwisha, na kila umeme ulipokatika kompyuta ilisahau tarehe. Kivinjari kilipolinganisha tarehe hiyo na vyeti vya tovuti, kikaona vyeti vyote bado havijaanza kutumika, na hata masasisho ya mfumo yakakataa kwa sababu hiyohiyo. Nilinunua betri sokoni, nikaiweka, tatizo likaisha. Katika kompyuta kumi na moja, saba zilihitaji betri hiyo. Kwa mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli na ambao kukatika kwa umeme si habari, hilo si jambo dogo, na fundi asiyelijua angeandika kwamba Linux haikubali intaneti.

Wi-Fi nayo ina mambo yake. Vile vidude vidogo vya USB vinavyouzwa madukani vinaweza kuwa na boksi moja, jina moja na namba moja, lakini chipu zilizo ndani zikawa tofauti kutokana na mwaka wa kutengenezwa. Kimoja nilikichomeka kikafanya kazi papo hapo, kwa kuwa chipu yake ilikuwa AR9271 ambayo Linux inaifahamu tangu zamani. Cha pili, pacha wake kwa sura, kilihitaji dreva (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa) ya kujengwa kwa mkono, na baada ya wiki mbili kiini cha mfumo kiliposasishwa, dreva ile ikaacha kufanya kazi na maabara ikakosa mtandao asubuhi ya kipindi. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba maabara ya shule iunganishwe kwa waya. Swichi ya matundu 16 na waya wa mtandao ni gharama ya mara moja, nao haumtaki mtu dreva.

Kamba hukatikia pabovu, na katika kazi hii pabovu ni printa. Printa ya leza ya ofisi ya mkuu wa shule ilitambuliwa kwa jina lake kamili, ikapokea kazi, taa ya kijani ikapepesa mara tatu, na karatasi haikusogea. Printa za namna hiyo ziliuzwa kwa bei ya chini kwa sababu hazina akili yao. Zinategemea programu ya siri ya mtengenezaji iliyo ndani ya kompyuta izichoree ukurasa mzima, na programu hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake. Tulihangaika jioni mbili, na mwishoni tukakubaliana kwamba printa ile ibaki na kompyuta moja ya Windows isiyounganishwa na intaneti hadi tona yake iishe na bajeti ya nyingine ipatikane. Printa ya ofisi ya taaluma, kwa upande mwingine, ilikuwa miongoni mwa zile za HP zinazohudumiwa na programu ya HPLIP, ikataka nyongeza moja ndogo ya kupakuliwa kando, nasi tulipoipakua ikaanza kuchapa. Printa zinazoelewa lugha za PostScript au PCL, na zile za mtandao zinazokubali AirPrint, mara nyingi hazihitaji dreva ya pekee. Mkisoma sentensi hii moja kabla ya zabuni ijayo ya printa, mtakuwa mmeziokoa shule zenu na jioni nyingi kama zile mbili zetu.

Kisha kuna nyaraka, na hapa ndipo walimu wenzangu walipokasirika, tena kwa haki. Mwalimu mmoja wa historia alifungua kwenye LibreOffice, programu huru ya ofisi, mtihani wa muhula aliouandaa kwa Word, akakuta kurasa nne zimekuwa tano na swali la kumi limekatika katikati. Alinifuata akiwa na karatasi mkononi, akaniambia, "Mwalimu, mfumo wako umenila swali." Mfumo haukuwa umekula kitu. Fonti ya Calibri aliyoitumia haikuwemo katika Linux, na iliyochukua nafasi yake ilikuwa na herufi pana zaidi, hivyo maneno yakasukumana hadi ukurasa mwingine. Kuna fonti huru iitwayo Carlito ambayo upana wa herufi zake ni uleule wa Calibri, na nyingine, Caladea, inayofanya hivyo kwa Cambria; tulipoziweka, mtihani ulirudi kurasa nne. Ingekuwa vizuri zaidi kama ningeziweka kabla hajafungua faili, na ndiyo maana nasema kazi hii inataka maandalizi. Vitabu vya hesabu vya mhasibu vyenye makro (amri zinazojiendesha) za Excel sikuvigusa wala sishauri viguswe. Mhasibu apewe mashine mpya yenye Windows halali, na kama mtihani wa vitendo unadai programu fulani, kompyuta zitakazotosha zibaki nayo. Mifumo ambayo serikali imetuwekea, kama PReM na NeST ya manunuzi ya umma, inafunguliwa kwa kivinjari, kwa hiyo kwa kazi hizo mtumiaji haoni tofauti kubwa.

Yapo maeneo duniani yaliyotutangulia, na matokeo yao hayafanani. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua kuhamia Linux mwanzoni mwa miaka ya 2000, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows baada ya malalamiko ya muda mrefu kuhusu nyaraka kutokubaliana na huduma ya TEHAMA kutawanyika katika idara mbalimbali. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa, yaani polisi wa kijeshi, lilianza mwaka 2005 kwa kubadili programu ya ofisi tu, huku Windows ikiendelea. Likafuata kivinjari na barua pepe. Na mwaka 2008, watumishi wakiwa wameshazoea, likaanza kubadili mfumo endeshi wenyewe. Leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake zinaendeshwa kwa Ubuntu. Ninavyoielewa mimi, Wafaransa walifaulu kwa sababu walikuwa na kituo kimoja cha kuamua na kuhudumia, na kwa sababu walimpa mtumishi jambo moja la kujifunza kwa wakati mmoja. Nasi hatuanzi kwenye sifuri: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi huru kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, tangu mwaka 2004.

Kwa msingi huo, ninaomba kwanza kwamba kompyuta yoyote isifutwe kwenye daftari la mali kwa sababu ya kukataliwa na Windows 11 pekee, bali iwashwe kwa flashi mbele ya mjumbe wa kamati, na karatasi ya majaribio iambatishwe ikionyesha monita, sauti, mtandao, printa na saa vimejibu vipi. Zile tatu ambazo hazikuwaka pale stoo zifutwe, sina ubishi, ila RAM na diski zake zitolewe zikawasaidie wenzake.

Pili, na hili ndilo ninalolisihi kuliko yote, kila halmashauri imteue mtu, kwa barua rasmi na kwa nauli, atakayehudumia kompyuta zilizohamishwa. Fundi wa kuja kutoka Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na hata wa kutoka Kasulu kwenda Kakonko anahitaji siku nzima na fedha ya mafuta. Hivi sasa huduma hii inafanywa na walimu wachache kwa simu zao wenyewe, jioni, baada ya vipindi. Siku mwalimu huyo akihamishwa, shule inabaki na mfumo ambao hakuna anayejua nenosiri lake, na mkuu wa shule, kwa kukata tamaa, anamwita kijana wa kupiga Windows ya kuvunja leseni. Nimeliona likitokea, na sikuweza kumlaumu. Ofisa TEHAMA wa halmashauri akiwa na nakala za manenosiri, akiwa na daftari la kila printa na chipu yake, na akiwa na diski moja ya nje yenye hazina ya masasisho aliyoyapakua mara moja usiku, bando likiwa rahisi, shule ishirini zinaweza kusasishwa bila kila moja kununua bando lake. Katika diski hiyohiyo zinaingia Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix na masomo ya Kolibri, ambayo yote mawili yanafanya kazi bila intaneti.

Tatu, katika manunuzi yajayo, maelezo ya kiufundi yanayoingizwa NeST yaandikwe pamoja na mtu aliyewahi kugusa vifaa hivi, na kamati ya mapokezi isitie saini hadi mzabuni awashe kompyuta kwa flashi ya Linux na kuchapa ukurasa mmoja mbele yao. Kompyuta mpya inayopita jaribio hilo kwa kawaida itafanya kazi na Windows pia, hivyo hatujifungii mlango wowote.

Ningependa tuanze na shule tatu, katika likizo ya Juni, kwa kuweka LibreOffice na Firefox juu ya Windows iliyopo ili walimu wazizoee muhula mzima, na mfumo endeshi wenyewe ubadilishwe likizo ya Desemba, mitihani ikiwa imekwisha. Siombi posho ya kufanya majaribio ya awali. Flashi ninazo sita, betri za CR2032 nimeshanunua pakiti moja, na fomu ya majaribio ya ukurasa mmoja niko tayari kuiwasilisha ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia. Ninachohitaji ni kibali cha maandishi cha kuingia katika stoo za shule hizo kabla kamati za kufuta mali hazijakaa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa somo la kompyuta,
Kigoma.